Mjadala: Tuzo ya Brit ya 1999, Belle and Sebastian walichakachua au walishinda?

Mleta mada

Wakuu, huu ni ugomvi wa zamani lakini mimi naona haukuwahi kuamuliwa vizuri.

Februari 1999, kwenye tuzo za Brit, yaani tuzo za muziki za Uingereza, jijini London, tuzo ya wasanii bora chipukizi ilikwenda kwa bendi ya Belle and Sebastian ya Glasgow, Scotland. Hawa ni watu ambao miaka hiyo walikuwa wanakwepa mahojiano, na wakiombwa picha waliwahi kutoa za rafiki zao. Wengi walitarajia Steps, wale vijana watano wa kuimba na kucheza, ambao Januari ya mwaka huohuo walikuwa wameshika namba moja Uingereza. Kura zilipigwa mtandaoni na wasikilizaji wa Radio 1 ya BBC. Prodyuza wa Steps, Pete Waterman, akaja juu kwamba kura zina walakini. Magazeti nayo yakadaka: kura nyingi eti zimetoka kwenye kompyuta za vyuo vikuu viwili. Kelele zikapigwa, lakini tuzo ikabaki Glasgow.

Msimamo wangu: hakuna wizi hapo. Walioshangaa hawakujua mashabiki wa bendi hii walivyopatikana.

Turudi 1996. Stuart Murdoch, mwimbaji na mtunzi wa bendi, alikuwa ametoka kwenye ugonjwa wa uchovu sugu uliomweka nje ya kazi na masomo miaka saba hivi, na ni katika kulala huko alipoanza kutunga nyimbo. Akakutana na Stuart David, aliyekuja kuwa mpiga besi wa bendi, kwenye kozi ya watu wasio na ajira. Chuo cha Stow pale Glasgow kilikuwa na lebo inayoendeshwa na wanafunzi wa biashara ya muziki, wakitoa rekodi moja kwa mwaka. Kwa kawaida ilikuwa singo. Murdoch alikuwa na nyimbo za kutosha albamu nzima, basi wakatoa albamu, Tigermilk, santuri 1,000 tu. Hazikutosha hata kidogo. Waliobaki waliisikia kwa kurekodiana kaseti, na waliotaka santuri yenyewe wakawa wananunua kwa mamia ya pauni mpaka ilipotolewa upya 1999.

Sasa fikiria mtu aliyeipata bendi kwa njia hiyo. Kaseti kapewa na rafiki, naye kamrekodia mwingine. Huyo ukimwambia kuna kura, unadhani atasubiri kukumbushwa?

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka jambo. Chipukizi gani ana albamu tatu? Tigermilk Juni 1996, If You're Feeling Sinister Novemba mwaka huohuo, The Boy with the Arab Strap 1998, tena hii ya mwisho iliingia namba 12 kwenye chati. Steps singo yao ya kwanza ni ya 1997. Kwa maana ya neno lenyewe, hao ndio waliokuwa wageni. Kabla ya kuuliza nani kapiga kura, uliza huyu mwingine alifikaje kwenye karatasi ya kura.

Mleta mada

Hapo umenishika kidogo. Ila hilo ni swali la waliopanga majina. Aliyewekewa majina mezani akachagua moja hana kosa.

Mchangiaji wa pili

Mimi sisemi waliiba, na bado siiti haki. Tukumbuke intaneti ya mwanzoni mwa 1999. Nyumbani ilipita kwenye laini ya simu: mtoto akiingia mtandaoni mama hawezi kupiga simu, na bili inasoma. Mashabiki wa Steps wengi walikuwa watoto wa shule, mabango ukutani, ngoma zote wanazijua hatua kwa hatua. Mwanafunzi wa chuo kikuu yeye anaingia chumba cha kompyuta bure, laini haikatiki. Hawa wawili hawakuwa na kura sawa hata kama kila mmoja alipiga moja tu. Sanduku la kura liliwekwa bwenini, halafu tukashangaa wanafunzi wameshinda!

Kwa hiyo hata lile dai la vyuo viwili halinishtui. Glasgow ni mji wa vyuo na bendi ni ya hapohapo. Ulitaka kura zitoke wapi?

Mleta mada

Hoja hii ina mashiko kuliko ya Waterman mwenyewe. Naikubali nusu. Njia ya kupigia kura iliwapendelea wenye waya, ni kweli. Lakini Belle and Sebastian hawakuichagua hiyo njia. Aliyeichagua ndiye wa kuulizwa. Na sidhani kama Steps wangeshinda mtu angefungua faili kuchunguza anwani za kompyuta. Uchunguzi ulianza kwa sababu aliyeshinda hakutarajiwa.

Mchangiaji wa tatu

Kwani huku kwetu ni tofauti? Msanii akiteuliwa tu, "jamani nipigieni kura, linki hii hapa", na mashabiki wanakesha. Kampeni akifanya wetu ni uzalendo, akifanya wa jirani ni uchakachuaji.

Mchangiaji wa pili

Tofauti ni kwamba leo simu iko mkononi mwa kila mtu, au karibu kila mtu. 1999 haikuwa hivyo. Usichanganye.

Mleta mada

Sawa. Na kabla mtu hajaleta ile hoja ya "muda umeamua", naomba tusiilete. Steps walivunjika Desemba 2001, ndiyo, lakini walirudi, na wana albamu zilizofika namba moja Uingereza, jambo ambalo Belle and Sebastian hawajawahi kulipata. Hawa nao wamepitia kuondoka kwa wanabendi Stuart David na Isobel Campbell, wakafanya kazi na Trevor Horn, prodyuza wa pop, mwaka 2003 mpaka mashabiki wa zamani wakanuna, na 2023 walikuwa bado wanatoa albamu. Hakuna hata kimoja hapo kinachotuambia kura za 1999 zilihesabiwaje.

Mchangiaji wa kwanza

Albamu tatu, mkuu. Bado hujanijibu.