MREJESHO: Huzuni iliyonipata baada ya sindano ya uzazi wa mpango

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza kama sindano ya miezi 3 inaweza kumfanya mtu alie bila sababu, akose usingizi na kukata tamaa. Wengi mlinisihi nirudi kwa daktari. Nimerudi.

Nilichopenda, hakunipuuza. Alieleza kwamba homoni zile haziishii kwenye mji wa mimba, zinafika hadi kwenye ubongo, kwenye sehemu zinazohusika na hisia. Akanitajia utafiti wa Denmark wa mwaka 2016, uliofuatilia wanawake zaidi ya milioni 1: waliotumia njia za homoni walianza dawa za sonona kwa kiwango cha juu kidogo kuliko wasiotumia, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19. Lakini akasisitiza kwamba hilo peke yake halithibitishi kuwa homoni ndizo chanzo, na wanawake wengi hawapati shida yoyote. Dada yangu anatumia sindano hiyohiyo, yuko sawa kabisa.

Kilichoniuma ni kwamba sindano ikishachomwa haitolewi, unangoja iishe mwilini. Wiki zile zilikuwa ndefu jamani. Nilikuwa naandika hali yangu kila siku na kuonana na mshauri.

Sasa nina kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya mji wa mimba kuzuia ujauzito, hakina homoni. Hedhi imekuwa nzito, ila usingizi umerudi na silii tena. Asanteni sana, hasa dada aliyeniambia nisinyamaze.