Fisi wangu watoto wanamwita mbwa. Nimekosea wapi?

Mchora_Usiku
Habari za jioni wakuu. Natengeneza katuni ya dakika nne, Sungura na Fisi. Nachora usiku nikishafunga duka. Fisi nimemhangaikia wiki tatu: nimempa rangi ya majani makavu, madoa mwili mzima, meno yaliyochongoka, mpaka udenda unaomdondoka. Jana nikawaonyesha watoto wa uani. Wa kwanza akasema, "Mbwa." Wa pili, "Mbwa mgonjwa." Binti yangu, ambaye hadithi hizi namsimulia kila siku, alinyamaza akawa ananitazama usoni kuona kama nimeumia. Niliumia kweli. Sitaki kuandika jina lake kwenye skrini, wala sitaki ajitambulishe kwa mdomo. Nataka mtoto amjue pale tu anapotokea. Nimeweka picha hapo chini, naomba msaada wenu.

BiPenseli
Pole kaka. Picha nimeifungua. Mpake weusi mtupu kuanzia pua hadi mkia, macho na meno yote yapotee, kisha mtazame kutoka mbali. Kilichobaki ni mbwa. Watoto wamesema walichokiona.

Fisi yuko mgongoni. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo unateremka kama paa la banda, na makalio yanakaa chini kama ya mtu anayenyata. Shingo nene, kichwa kimeinamia chini ya mabega. Wewe umemnyoosha mgongo kama meza. Halafu masikio: umemchongea ya ncha, na hayo ni ya fisi miraba, yule mwenye mistari. Mwenye madoa masikio yake ni ya mviringo. Rekebisha hayo kwanza, rangi iache kabisa.

Nasisitiza kivuli, yaani hilo umbo jeusi tupu, kwa sababu mtoto mdogo hasubiri. Yule panya wa Walt Disney alipoanza mwaka 1928 mikono yake ilikuwa myeusi, ikipita mbele ya kifua cheusi haionekani. Mwaka uliofuata wakamvisha glavu nyeupe, na mpaka leo anazo.

fundi_fremu
Naunga mkono, na mimi nazungumzia madoa. Mkuu, nimeyahesabu upande mmoja tu: yanakaribia 60. Ukichora picha 12 kwa sekunde, hayo ni madoa 720 kila sekunde, 43,200 kwa dakika, na kila moja likihama kidogo tu yataonekana yanachemka juu ya ngozi. Disney walipotoa filamu yao ya mbwa wa madoa mwaka 1961 walitumia mashine ya kunakili iliyohamisha michoro ya penseli moja kwa moja kwenye karatasi za plastiki, na walikuwa na jeshi la wachoraji. Wewe uko peke yako. Mwekee madoa matano makubwa begani, basi.

BiPenseli
Jambo jingine, usimchore Fisi peke yake. Mchore kando ya Sungura kila mara. Kwenye filamu ya Up ya 2009, mzee Carl amejengwa kwa miraba: kichwa, miwani, hata kiti chake. Mtoto Russell ana umbo la yai. Wakisimama pamoja huhitaji kuambiwa nani amejitenga na ulimwengu. Fisi wako akiwa mteremko mzito, Sungura awe wima na mwembamba, masikio yakipanda juu kama mishale.

Mchora_Usiku
Narudi na majibu. Nimechora upya usiku kucha, weusi mtupu, hakuna jicho wala doa. Leo nikaibandika mlangoni bila kusema neno. Yule mdogo wa miaka minne hakutaja jina. Aliinama, akashusha makalio, akapita uani kwa hatua za kuvuta huku anacheka ile sauti. Wenzake wakakimbia wakipiga kelele, "Fisi! Fisi!" Asante sana dada, asante fundi. Nimebakiwa na moja: kuna sehemu anasimama kwa miguu miwili kupokea bakuli la nyama, na hapo mteremko wote unapotea.

BiPenseli
Usimsimamishe. Mkalishe chini, bakuli liwe juu ya jiwe, ainue shingo tu.