Yadi waliniuzia gari la umeme kwa jina la stika, na tarehe ya kufa kwa stika walikuwa wanaijua

Wakuu heshima kwenu.

Hili jambo nimekaa nalo kifuani tangu Oktoba, kila nikitaka kuandika nasema ngoja hasira zipoe kwanza, ila juzi Jumamosi nimeshinda nje na kikausha nywele cha mke wangu nabandua stika kwenye gari ambalo bado nalilipia, ubavu wa kulia stika ikaja na rangi. Nikasimama pale naangalia lile doa nikasema basi, leo naandika, na yule muuzaji akisoma asome.

Kwa wadau walio nyumbani niwaeleze kidogo ili tuelewane. Barabara kuu za huku California zina leni ya kushoto kabisa, chini imechorwa almasi nyeupe, ni ya magari yaliyobeba watu. Sehemu nyingi wanataka watu wawili, ila I-80 ninayopita mimi wanataka watatu, dereva akiwemo. Sio kama njia ya mwendokasi ya Dar ambayo ni ya basi tu, hii gari dogo linaingia ilimradi idadi itimie. Ukikamatwa humo peke yako faini inaanzia dola 490. Sasa jimbo likaweka utaratibu kwamba mwenye gari la umeme apite humo hata akiwa peke yake, mradi ameomba stika na amezibandika kwenye bodi. Na sio kitu cha jana, stika nyeupe za magari ya umeme zilianza mwaka 2000, baadae zikaja za njano za magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme, wenyeji wa zamani mtakumbuka Prius iliyotumika yenye stika ya njano ilikuwa inauzwa ghali kuliko isiyo nayo, mpaka zile za njano zilipofutwa Julai 2011. Afu zikaja kijani, nyekundu, zambarau, chungwa, bluu, rangi zilikuwa zinabadilika ili askari akiangalia tu ajue za mwaka gani.

Mimi naishi Vallejo, kazi yangu iko San Francisco, hospitali, nasafisha na kupanga vifaa vya upasuaji. Zamu inaanza saa 1 kamili asubuhi na hakuna cha kuchelewa, mana daktari akiingia vifaa viwe tayari. Leni ya almasi pale inafanya kazi kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 asubuhi, na jioni saa 9 mpaka saa 1. Yaani masaa yangu yote ya njiani yamo humo ndani. Anayeijua I-80 kuanzia Richmond mpaka pale barabara zinapokutana kabla ya Bay Bridge, lile daraja la kulipia la kuingia San Francisco, anajua nazungumzia nini, unaona taa nyekundu za magari mpaka mwisho wa macho, unasogea hatua mbili unasimama. Na ukifika kwenye daraja lenyewe kuna mataa ya kuruhusu magari machache machache, wa leni ya almasi anayapita bila kusimama.

Basi Machi 2025 nikaenda yadi moja, jina silitaji. Kijana wa mauzo akaniuliza unaishi wapi unafanya kazi wapi, nikamwambia. Hapo hapo akaacha habari za betri, akaacha habari za kuchaji, akaanza kunihubiria stika. Kaka, hili gari litakurudishia masaa yako, kila siku unapita kushoto wenzako wamelala kwenye foleni, na daraja unalipa nusu. Nikamuuliza stika zinakaa muda gani? Mana nachukua lizi ya miaka 3, yaani nalipa kila mwezi na mwisho narudisha gari, nataka kujua. Akanijibu kwa mdomo wake, "Lizi yako yote." Niliuliza mara mbili wakuu. Mara ya pili mkubwa wake alikuwa amesimama pale pale anasikia, akatikisa kichwa kukubali.

Nilikuwa na gari langu la petroli, limeisha malipo, linatembea vizuri tu halina shida. Nimeliacha pale wakalichukua kwenye hesabu. Sikuwa na haja ya gari jipya mimi, nilikuwa na haja ya muda. Hiki ndicho kitu naomba mkielewe kabla hamjaanza kuniambia mambo ya mazingira na umeme ni bei nafuu. Nimenunua MUDA. Binti yangu ana miaka 4, anakaa kituo cha watoto kinachofunga saa 12 jioni, ukichelewa unalipishwa kwa dakika, na hela sio tatizo kubwa kama kumkuta mtoto kakaa mlangoni na koti lake na begi mgongoni wenzake wote wameshachukuliwa na mwalimu anaangalia saa. Mke wangu anaingia zamu yake jioni kwa hiyo kumchukua ni mimi, hakuna mwingine.

Sasa kuhusu kubandika kwenyewe, hapa ndipo kuna kisa kingine. Maombi nilituma, nikasubiri wiki kama tano, bahasha ikaja mwisho wa Aprili. Stika zile sio ndogo, zile mbili kubwa zinakaa ubavuni nyuma, upande huu na huu, nyuma ya tairi la nyuma, na ndogo inakaa kwenye bampa la nyuma upande wa kulia. Zina namba, na namba hiyo ni ya gari lako, huwezi kuhamishia kwa jirani. Mimi nilitaka kubandika mwenyewe taratibu nyumbani, jua likitoka, bodi ikiwa imeoshwa na kufutwa kwa spiriti, mana stika ikishashika imeshika, ukitaka kuivuta uinyooshe inachanika vipande vipande, imetengenezwa hivyo makusudi isiibiwe. Kuna washkaji huku walikuwa wanatanguliza plastiki laini ya kulinda rangi kwanza ndio wanabandika juu yake. Nami nilikuwa nimeshainunua ile plastiki.

Yadi wakasema hapana, tuletee, tunabandika sisi bure, ni huduma kwa mteja. Nikawapelekea. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, gari lina unyevu mwili mzima, kijana wa kuosha magari akapitisha kitambaa mara moja akabandika juu kwa juu. Ya kushoto ikakaa upande, imeinama, inaonekana ukiwa mbali. Ya kulia ikaingia hewa katikati, na ili kuitoa hewa akachukua wembe. WEMBE wakuu, kwenye gari lina wiki sita! Nilikuwa nimekaa ndani kwenye kochi najaza fomu ya huduma, natoka nakuta kazi imeisha. Nikalalamika, wakanijibu kwamba mkwaruzo uko chini ya stika hautaonekana. Nikanyamaza kwa sababu nilijua stika zitakaa miaka 3, na nikasema huko mbele tutaongea.

Haikufika huko mbele.

Nimetumia ile leni kuanzia mwanzo wa Mei mpaka Septemba 30. Miezi 5. Lizi ni miezi 36. Oktoba 1 ruhusa ikawa haipo tena, sio yangu tu, ya jimbo zima, zaidi ya magari laki 5 yenye stika. Wakatoa siku 60 za kutoandika faini, mpaka mwisho wa Novemba, kuanzia Desemba 1 ukiingia peke yako ni dola 490 kama mtu mwingine yeyote.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Ile tarehe sio kwamba ilidondoka ghafla kutoka angani. Sheria ya serikali kuu iliyowaongezea majimbo muda wa kuyaingiza haya magari kwenye leni ya almasi iliandikwa mwaka 2015, na imeandikwa humo humo kwamba mwisho ni Septemba 30, 2025. Miaka 10 tarehe imekaa kwenye karatasi! California wenyewe mwaka 2024 walipitisha sheria, AB 2678, ya kusogeza mpaka mwanzo wa 2027, lakini ilikuwa inategemea Bunge la Washington likubali, na Washington hawakusogeza kitu. Kwa hiyo Machi 2025, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuza magari ya umeme California alikuwa anajua kwamba kuna miezi 6 tu imebaki. Hayo ndio mambo ya biashara yake. Mimi nasafisha mikasi ya madaktari, nitajulia wapi sheria ya barabara ya mwaka 2015? Ndio maana nilimuuliza yeye. Mara mbili.

Nilirudi pale Oktoba. Yule kijana hayupo tena, mkubwa wake yupo. Nikamkumbusha, akasema hakumbuki mazungumzo hayo, akafungua mkataba akanionyesha hakuna neno stika hata moja. Ni kweli halipo, nimeusoma mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndipo wanapojificha hawa watu, kinachokufanya usaini kinasemwa kwa mdomo na kinachowabana kinaandikwa. Nikauliza na mkwaruzo wa wembe je? Akasema nitakaporudisha gari mwisho wa lizi mkaguzi ataangalia. Yaani doa walilolifanya wao nije nilipie mimi mwaka 2028.

Hesabu yangu ni hii. Kwenda nalipia Bay Bridge, kurudi nalipia daraja la Carquinez, kila moja ilikuwa dola 8 mwaka 2025. Kwa stika nilikuwa nalipa nusu, 4 na 4. Stika zilipokufa nikawa nalipa 16 kwa siku badala ya 8, kwa wiki ni dola 40 zaidi, kwa mwezi kama 160, na lizi iko pale pale haijapungua. Na hiyo ni hela tu. Asubuhi nilikuwa natoka nyumbani saa 11 na nusu na zaidi kidogo, sasa hivi saa 10 na nusu niko barabarani. Jioni natoka kazini saa 9 na nusu na bado kuna siku nafika kituoni saa 12 na dakika 10. Wiki iliyopita mara mbili. Binti ameniuliza kwani baba ile njia yako ya haraka imefungwa? Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka 4.

Najua kuna watakaosema wewe uko peke yako kwenye gari kwa nini upite leni ya wenye abiria. Hoja hiyo naikubali, leni zilikuwa zimejaa, sheria inataka magari humo yatembee angalau maili 45 kwa saa karibu muda wote wa foleni na sehemu nyingi hayakuwa yanafika hapo, mwenye watoto wawili nyuma alikuwa anakwama kwa sababu ya sisi. Jimbo wakitaka kuifunga waifunge. Ugomvi wangu sio na leni, ugomvi wangu ni na mtu aliyeniangalia usoni akaniuzia kitu ambacho alijua kimebakiza miezi 6 akaniambia ni miaka 3.

Na wanaosema beba watu, nimejaribu. Zamani pale Vallejo watu walikuwa wanajipanga foleni kwenye maegesho ya Curtola, unasimama unabeba wawili msiojuana mnaenda San Francisco, wote mnafaidika, ulikuwa utaratibu mzuri sana, ila korona iliuvuruga mwaka 2020. Kazini nimepata mtu mmoja wa Vallejo, zamu zetu zinakutana siku mbili tu kwa wiki, na bado tunapungua mmoja.

Kwa wenye stika kwenye magari wanaotaka kuzitoa: pasha moto taratibu, usikae sehemu moja, tumia kadi ya plastiki, USITUMIE wembe wala kisu, gundi iliyobaki paka kimiminika cha kutolea gundi kisha osha kwa maji na sabuni. Ya bampa na ya kushoto zilitoka salama japo vipande vidogo vidogo kama ganda la yai, ilinichukua masaa. Ya kulia ndio ile yenye mchano wa wembe, unyevu uliingilia pale pale, rangi ya juu ikabanduka mstari kama urefu wa kidole na pembeni imebaki kivuli cha stika nzima.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza kama nina ushahidi, ninao. Kuna meseji ya yule kijana ya Machi 14 ameandika mwenyewe "stika iko salama muda wote wa lizi yako", simu niliibadilisha nikadhani zimepotea, mke wangu ndio kazikuta leo kwenye tableti ya mtoto. Na picha ya gari siku wanabandika ninayo, mkwaruzo unaonekana pembeni ya stika. Kwa hiyo naenda mahakama ya madai madogo, huhitaji wakili huko, nadai nusu ya malipo ya daraja kwa miezi iliyobaki na gharama ya rangi.

Ninachoomba kwenu walio Bay Area, huku eneo la San Francisco: nani amewahi kurudishia rangi ya sehemu ndogo kama hiyo kwenye gari la lizi, na fundi aliandika risiti ya namna gani? Nahitaji makadirio ya mafundi wawili kwenye karatasi kabla ya Ijumaa.