Mjadala: Kulikuwa na haja gani ya kuirudia Funny Games picha kwa picha?

Mleta Mada
Nimetazama Funny Games ya mwaka 2007, ile ya Naomi Watts na Tim Roth, siku moja baada ya kutazama ile ya awali ya mwaka 1997 iliyozungumzwa Kijerumani. Zote mbili zimeongozwa na Michael Haneke wa Austria. Familia inafika kwenye nyumba yake ya mapumziko kando ya ziwa, kijana mwenye glavu nyeupe anakuja kuomba mayai manne, na tangu hapo baba, mama na mtoto wanateswa na vijana wawili wasiotaka mali wala kisasi. Toleo la pili limefuata la kwanza karibu kila picha na kila neno. Kama hadithi haibadiliki, kwa nini irudiwe? Niseme pia kwamba anayetazama filamu za namna hii kwa kupenda, naamini ndani yake kuna kitu kimevunjika.

Kalamu Nyeusi
Ndugu, umeuliza swali la maana kisha ukalifunika kwa tusi. Wewe mwenyewe umezitazama mbili kwa siku mbili, tena bila kulazimishwa na mtu, sasa tuambie ni kipi kilichovunjika ndani yako. Mimi nimeitazama mara tatu, nina familia ninayoipenda, na sijawahi kumwinulia mtu mkono.

Msomaji wa Zamani
Tusimwache mleta mada bila jibu. Haneke alieleza kwamba tangu mwanzo alikuwa akiwalenga watazamaji wa Marekani, ambao kwa maoni yake walikuwa wamezoea ukatili kama burudani, na ndiyo maana hata filamu ya Kijerumani ilipewa jina la Kiingereza. Lugha ikawa kizuizi, haikuwafikia, na alipopata nafasi akaipeleka upya kwa Kiingereza na waigizaji wanaofahamika kwao. Barua iliyokosa kufika hutumwa tena jinsi ilivyoandikwa.

Jirani Mwema
Barua gani hiyo ya kuchinja watoto mbele ya kamera? Nilisimuliwa filamu yote na niliyemwamini, nikaona inatosha. Mnaoitetea hamjawahi kuamshwa usiku na watu wenye silaha, kwa sababu aliyevamiwa kweli hawezi kukaa akatazama mchezo wa maumivu yake.

Kalamu Nyeusi
Aliyekusimulia amekupotosha. Mtoto anapouawa, kamera iko jikoni na yule kijana mwingine anayejitengenezea chakula, nasi tunasikia tu mlio na mayowe. Baadaye picha inatulia sebuleni kwa dakika nyingi, mama akiwa amefungwa kamba, na ni utulivu huo ndio usiovumilika. Anayehukumu filamu kwa masimulizi angalau apunguze ukali wa hukumu yake.

Mama wa Wawili
Jirani Mwema, mimi nilivamiwa. Nilifungwa mikono ndani ya nyumba yangu mwenyewe na watu waliobisha hodi kwa adabu, na nimeitazama filamu hii, kwa hiyo naomba usinisemee. Nimeona filamu nyingi za uvamizi ambamo majambazi wakishaondoka watu wanakumbatiana na muziki unapanda. Kwetu hakuna aliyelia. Tulikaa kimya, kisha mume wangu akaanza kuhangaika na simu, kama yule baba anayejaribu kukausha simu iliyolowa kwa mashine ya kukaushia nywele wakati mwanawe amelala amekufa chumba cha pili. Sikuwahi kuona mtu akiuonyesha ukimya ule kabla ya hapo.

Mleta Mada
Dada, pole sana, na neno langu la kuvunjika nalirudisha. Hata hivyo bado naona kurudia kunafaa pale tu mwongozaji anapobadilisha jambo. Katika The Last House on the Left ya mwaka 1972 binti anakufa na wazazi wake wanalipiza kisasi, ilhali katika toleo la 2009 binti anaokoka. Unaweza kulikubali badiliko hilo au kulikataa, lakini walau kuna cha kujadili.

Msomaji wa Zamani
Mimi nalikataa. Kumwokoa binti ni kumhurumia mtazamaji, na kisasi kinachofuata kinageuka kuwa starehe.

Jirani Mwema
Mama wa Wawili, nakuomba radhi, kwani sikuwa na haki ya kuwasemea watu nisiowajua. Lakini sitaitazama, na sitaki kuambiwa kwamba huo ni woga. Mlango wangu naufunga mara mbili kila usiku bila kufundishwa na filamu.

Mama wa Wawili
Sijakuita mwoga, na pole sikuja kuiomba hapa. Nilitaka kumjibu mleta mada. Mnakumbuka mama anaponyakua bunduki na kumpiga mmoja wa wale vijana, kisha mwenzake anatafuta rimoti na kuirudisha filamu nyuma ili risasi isipigwe? Katika toleo la Kijerumani nilifurahi kwa sauti, halafu nikahisi nimenyang'anywa. Katika la 2007 nilijua rimoti inakuja. Nililijua kila neno, na bado aliponyakua bunduki niliinuka kwenye kiti, nikitumaini kwamba safari hii wataiacha risasi ibaki imepigwa.