Mrejesho: Bustani ya maua na mboga, na zile nyanya zilizooza kitako

Wadau, mtakumbuka niliuliza namna ya kuchanganya maua na mboga kwenye kieneo cha mita 6 kwa 4, na kwa nini nyanya zangu zinaoza kitakoni.

Matuta nimeyapunguza hadi upana wa sentimita 120. Sasa nafika katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Alizeti nimezihamishia nyuma, zilikuwa zinainyima spinachi jua.

Kuhusu nyanya, mliosema ni umwagiliaji mlipatia. Nilikuwa naruka siku nne, halafu namwaga maji kama mafuriko. Kumbe kalsiamu husafiri na maji; yakikatika, tunda linaikosa hata kama udongoni imo, na kitako kinaoza. Nikatandaza nyasi kavu, nikawa namwagilia kwa kiasi kila baada ya siku mbili. Vichala viwili vya chini, vyenye baka jeusi lililokakamaa kama soli ya kiatu, nilivikata. Vilivyofuata vimetoka safi kabisa.

Maua ya marigoldi ya pembeni hayajafukuza vidukari, wale wadudu wadogo wafyonza mimea, kama mlivyoniahidi (hapo mlitia chumvi), ila nyuki wamejaa hadi kwenye maua ya matango.

Kosa jipya: mnanaa. Niliupanda ardhini, umeshavuka njia. Kesho nauhamishia kwenye ndoo.