Juisi kila siku, choo bado kigumu: kosa liko wapi?

Mama wa Kadutu (Bukavu)
Wandugu, habari za jioni. Nina miaka 41, nauza vitenge, toka asubuhi mpaka jioni niko juu ya kiti. Tangu mwezi uliopita choo napata kila siku ya tatu, na hapo natoka jasho kama mtu anayepanda Kadutu na gunia la muhogo kichwani.

Ajabu ni kwamba matunda sikosi. Kila asubuhi natengeneza jagi la juisi ya maracuja (pasheni): nakata, nakamua, nachuja mara mbili kwa kitambaa mbegu zisipite, natia sukari. Mbegu nawamwagia kuku wa jirani. Mchana bugali na samaki wadogo wa sambaza, basi. Sombe, yale majani ya muhogo, niliacha kununua, maana mdogo wangu anasema ikishapita kwenye mashine pale sokoni na kuchemka masaa mawili, nyuzinyuzi zote zimekufa, imebaki rangi. Ni kweli?

Muuguzi (Goma)
Yaya, nyuzinyuzi zako wanakula kuku wa jirani.

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo tumbo letu haliwezi kuivunja. Inafika utumbo mpana bado ipo, inashika maji, choo kinalainika na kuongezeka. Gramu 100 za maracuja, ukila na mbegu zake, zinakupa kama gramu 10 za nyuzinyuzi. Ukichuja kwa kitambaa unabaki na maji, harufu na sukari. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku.

Sombe, mdogo wako amekudanganya. Mashine inakata nyuzi ziwe fupi, haiziondoi, na moto unazilainisha tu. Kinachopotea sana ni vitamini C. Wala usije ukaipika haraka kwa kuihurumia: majani mabichi ya muhogo yanatoa sumu ya sianidi, ndiyo maana mama zetu wanayatwanga na kuyachemsha sana.

Kijana wa Katuba (Lubumbashi)
Huku ni bukari na matembele, hayo matatizo tunayasikia kwenu tu 😂 Mama, jaribu avoka. Kila mtu anasifu papai, lakini gramu 100 za papai hazifikishi hata gramu 2 za nyuzinyuzi. Avoka inakaribia 7. Na maharagi usiyasahau.

Muuguzi (Goma)
Kijana amesema kweli, ila yaya usianze kesho na sahani nzima ya maharagi, gesi itakufukuzia wateja. Ongeza kidogokidogo, na maji unywe, la sivyo choo kitazidi kukauka. Simama pia, zunguka meza yako, hata mteja asipokuwepo. Ukiona damu, au unapungua kilo bila sababu, achana na sisi, nenda kwa daktari.

Mama wa Kadutu (Bukavu)
Asanti sana. Leo nimekata maracuja tatu, nimekula kwa kijiko, mbegu zinalia menoni kama mchanga. Bila sukari, uso wote ulikunjamana! Kuku walikuja saa yao, wakasimama mlangoni wananitazama. Lengalenga iko motoni, sombe nitanunua kesho.

Swali la mwisho, mnisamehe: mbegu zikitoka nzima vilevile zilivyoingia, si ugonjwa?

Muuguzi (Goma)
Hapana yaya, zinapita tu.