Msimulizi mbeuzi anafanya sura zote zifanane

Swali
Riwaya inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na mtu mbeuzi, asiyeamini kwamba binadamu hutenda jema bila kutafuta faida. Sura ya 1 inakwenda vizuri. Kufikia ya 4, harusi, msiba na ugomvi vyote vina ladha moja ya dharau. Nirekebishe wapi bila kumgeuza awe mtu mwingine?

Jibu la 1
Angalia hukumu yake inakaa wapi. Ikitangulia tukio, msomaji anafika akiwa ameshaamuliwa, hana la kuona. Linganisha:

"Mjane alilia kilio cha kinafiki."
"Mjane alilia. Katikati ya kilio alitazama saa."

Ya pili inamwachia msomaji adharau mwenyewe, kisha ajishuku: huenda ilikuwa saa ya kumeza dawa. Kujishuku huko ndiko kunakoleta uzito wa msiba. Pigia mstari kila sentensi ya maoni katika sura ya 4, ufute zinazorudia kile ambacho kitendo kimekwisha kusema. Anza na "eti", "kama kawaida yao" na vielezi vya aina ya "kinafiki". "Eti" ni tamu sana, lakini ikijitokeza kila aya haiumi tena.

Jibu la 2
Naongezea: awepo mtu au kitu kimoja anachoshindwa kukidharau, naye asikiri. Mtoto wa marehemu akishika kofia ya baba yake, mbeuzi asiseme neno. Aanze kuhesabu vifungo vya shati lake. Ukimya huo utasikika kwa sababu kurasa zote za nyuma alikuwa na la kusema. Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), ni mfano mzuri: amekata tamaa, lakini haachi kuuliza maana ya maisha, ndiyo maana tunamfuata hadi mwisho.

Jibu la 3
Na akosee! Kila tukio likimthibitisha, riwaya inakuwa hotuba ya mwandishi. Sura ya 3 atabiri kwamba jirani hatalipa deni. Sura ya 6 pesa zirudi, tena kamili, naye aandike tu kwamba noti zilikuwa zimekunjwa vizuri. Usimpe toba hapo. Toba ya ghafla huharibu kuliko dharau, maana msomaji huona mkono wako ukimsukuma. Badilisha mwendo wa sentensi badala yake: aliyezoea kukata maneno mafupi makavu, siku hiyo sentensi imponyoke, iwe ndefu, ikose pa kuishia.